Ng'ombe amepandishwa mara nne hashiki: ultrasaundi itaona nini?

Swali la msomaji, Konde, Pemba:

"Assalamu alaikum daktari. Nina ng'ombe chotara wa Jezi, amezaa mara tatu. Uzao wa mwisho ni miezi minane iliyopita. Kondo haikutoka, siku ya pili jirani akaingiza mkono akaivuta. Baadaye nimempandisha kwa mbegu za mrija mara nne. Mara ya kwanza alirudi joto siku ya 21, ya pili siku ya 22, ya tatu siku ya 37. Ya nne leo ni siku ya 12. Maziwa yameshuka kutoka lita tisa mpaka tatu. Huku kuna daktari mwenye mashine ya ultrasaundi, lakini jirani anasema nisipoteze pesa, nimchome sindano ya kumleta joto, au nimpeleke kwa dume lake. Tena kaka yangu yuko Mbozi, anafanya kazi kwenye shamba la nguruwe, anasema wao wanaweka kifaa ubavuni tu na dakika haifiki wameshapata jibu. Kwa nini wetu mpaka mkono uingie nyuma? Nimpime au nisimpime?"

Jibu:

Waalaikumu salaam dada yangu.

Nianze na lile la haraka. Hiyo sindano ya jirani isimguse ng'ombe wako, si leo wala kesho, mpaka ijulikane kama ana mimba au hana. Umesema ni siku ya 12 tangu apandishwe mara ya nne. Wewe umeshaikatia tamaa mara hiyo kwa sababu tatu za mwanzo zimeharibika, lakini ng'ombe mwenyewe hajasema kitu bado. Inawezekana kabisa saa hii ndani ya kizazi chake mna kiinitete, yaani mimba changa kabisa, kinachoelea, hakijajishika hata ukutani.

Sindano ambayo watu wanaiita ya kumleta joto ni prostaglandini. Yai linapotoka kwenye ovari, pale lilipotoka huota tezi ya muda, yenye rangi ya njano ukiipasua, na tezi hiyo ndiyo inayotoa projesteroni, homoni inayolinda mimba. Prostaglandini inaiua tezi hiyo. Tezi ikishakufa ng'ombe huingia joto baada ya siku mbili mpaka tano. Akiwa hana mimba, umepata joto. Akiwa nayo, umeitoa kwa mkono wako. Na dawa hii hufanya kazi vizuri hasa kati ya siku ya 6 na ya 16 ya mzunguko. Wako yuko katikati ya hapo. Halafu inapenya ngozi ya mtu: mwanamke mjamzito na mwenye pumu wasiishike kabisa. Nalisema hili kwa sababu nimeona bomba lake la sindano limewekwa dirishani jikoni, karibu na sukari.

Sasa tarehe zako. Umenisaidia mno kuziandika. Wengi wanaokuja kwangu husema "hashiki tangu Mfunguo Mosi" basi, nami nabaki kukisia. Mzunguko wa ng'ombe ni siku 21, ukicheza baina ya 18 na 24. Kwenye siku ya 16 au 17 hivi kiinitete hutakiwa kujitambulisha kwa mama yake, kwa kutoa protini inayokizuia kizazi kisitengeneze prostaglandini yake chenyewe. Ndiyo, dada yangu, dawa ya jirani ni ile ile ambayo kizazi cha ng'ombe huitoa kikishaona hakuna mtu ndani. Kwa hiyo kurudi siku ya 21 na siku ya 22 kunasema mojawapo ya mawili: yai halikurutubishwa, au lilirutubishwa likafa mapema, kabla ya siku hiyo ya kujitambulisha. Ng'ombe hawezi kutofautisha, na mashine haiwezi kurudi nyuma ikakuonyesha.

Siku ya 37 ndiyo inayonishughulisha. Kama ungekosa kuona joto moja katikati, kwa ng'ombe mwenye mzunguko wa 21 au 22 ningetegemea arudi siku ya 42 au ya 44. Siku ya 37 haiingii kwenye hesabu hiyo. Ama mimba ilishika kweli, ikafa baada ya kujitambulisha, akachelewa kurudi. Ama mojawapo ya hayo majoto uliyoyaona halikuwa joto. Ukiweka hili pembeni ya kondo iliyovutwa kwa mkono, kizazi chenyewe nakitilia shaka kabla ya kingine chochote.

Tuliseme hilo la kondo tumalizane nalo. Kondo ya ng'ombe haikushikwa mahali pamoja, imeshikwa kwa vifungo vingi kama fulana iliyoshonwa kwa vishikizo kila upande. Kuivuta kabla haijaachia yenyewe ni kuchana ukuta wa kizazi na kuingiza uchafu kwenye vidonda hivyo. Inayoning'inia hukatwa fupi, ng'ombe akapimwa homa kila siku, na akiwa na homa au akiacha kula ndipo hutibiwa. Jirani alikusudia wema, sina shaka. Lakini sindano hii ni shauri lake la pili kuhusu kizazi cha ng'ombe huyu.

Haya, mashine. Ultrasaundi ni sauti. Hakuna mionzi ndani yake kama ile ya picha ya mfupa hospitali. Kichwa cha kifaa, wenyewe wanakiita probu, hutetemeka mara milioni tano mpaka saba na nusu kwa sekunde. Sikio la mtu linaishia elfu ishirini. Sauti huingia mwilini, kila inapokuta mpaka wa kitu na kitu sehemu yake hurudi, na mashine huchora kwa kupima muda iliochukua kurudi. Maji hayarudishi chochote, kwa hiyo yanaonekana meusi. Nyama ni kijivu. Mfupa unarudisha karibu yote, mweupe, na nyuma yake kivuli. Gesi ndiyo inayoharibu kila kitu: sauti ikikuta gesi haipiti.

Hapo ndipo lilipo jibu la kaka yako, wala hakukudanganya. Nguruwe jike hubeba mimba siku 114, na kuanzia kama siku ya 24 mpaka ya 28 hupimwa kwa nje. Kifaa huwekwa chini ya ubavu, usawa wa chuchu za nyuma, kikaelekezwa juu na mbele kidogo. Kizazi chake ni kirefu, kimejikunja kama utumbo na kulala karibu na ukuta wa tumbo, na ndani mna watoto wengi. Ukilenga ovyo nusu bado unaweza kukuta kimfuko cheusi cha maji. Hata huko, akitakiwa kuangaliwa ovari zenyewe, labda jike changa linachelewa kubalehe au jike kubwa lina mavimbe ya maji, wataalamu wengine hupitia nyuma ili wapate picha safi zaidi. Kwetu visiwani mnyama huyo si wa kufugwa na wengi wetu, lakini nilipokuwa masomoni bara sehemu kubwa ya mazoezi ya mkono niliipata kwake, na yananifaa mpaka leo. Mbuzi naye hupimwa kwa nje, kwenye ngozi isiyo na manyoya kinenani, kuanzia siku ya 30 au 35.

Ng'ombe ni nyumba nyingine. Upande wa kushoto wote umejaa tumbo kubwa la kucheulia, na humo mna gesi. Kizazi chake mwezi wa kwanza kimelala ndani ya nyonga, mbali na ubavu, na zile sauti za kasi zinazotoa picha nzuri ya kitu kidogo haziendi mbali mwilini, ni sentimita chache tu. Ukipitia njia ya haja kubwa, baina ya kifaa na kizazi hubaki ukuta mwembamba wa utumbo. Mkono wenyewe ndio unaobeba kifaa mpaka mlangoni. Njia hii ilianza kutumika kwa farasi Ufaransa mwaka 1980, ndipo ng'ombe wakafuata.

Siku atakapokuja daktari, mfunge ng'ombe kwa kichwa, si kwa pembe peke yake, kwenye mti au nguzo isiyotikisika, kivulini. Kivuli ni kwa ajili ya kioo cha mashine kuliko ng'ombe. Atavaa glavu ndefu mpaka begani, atailainisha, atatoa kinyesi chote kwanza kwa sababu kinyesi kina gesi, kisha ataingia tena na kifaa mkononi. Omba akugeuzie kioo. Utaona weusi mkubwa mwanzo. Hicho ni kibofu cha mkojo, usishangilie. Akipita hapo utaona kizazi, pembe mbili za kijivu zilizojikunja. Pembeni ya kila pembe iko ovari, ukubwa wake kama kungu. Ndani ya ovari utaona viduara vyeusi, hivyo ni vifuko vya mayai. Kile kikubwa cha ng'ombe aliye kwenye joto hufika milimita 15 mpaka 20. Kwa wenye damu nyingi ya kienyeji huwa kidogo zaidi, milimita 10 na kitu tu, na hivyo ni sawa kwao. Ukiona duara la kijivu, chembechembe kama ini mbichi, milimita 20 mpaka 30, hiyo ndiyo tezi ya njano. Mara nyingine ina kishimo cheusi katikati. Hiyo si ugonjwa. Wapo wanaoiita uvimbe wakamtibu ng'ombe mzima.

Uvimbe wa maji wa kweli ni duara jeusi la kuanzia kama milimita 20 mpaka 25 kwenda juu, linalodumu, na hakuna tezi ya njano hai kwenye ovari yoyote. Hapa mashine inaushinda mkono kwa mbali. Mkononi mavimbe yote yanafanana, kama zabibu kubwa zilizojaa maji. Kwenye kioo unapima ukuta wake: ukiwa mwembamba chini ya milimita tatu ni wa aina moja na dawa yake ni homoni ya kulitoa yai, ukiwa mnene zaidi unatoa projesteroni, na huo ndio dawa yake ni prostaglandini. Dawa ya mmoja si dawa ya mwenziwe. Wako lakini anarudi kwa kalenda, 21 na 22. Mwenye uvimbe hupotea joto kabisa, au huliona kila baada ya siku chache. Kwa hiyo sitegemei kuukuta kwake.

Ninachotegemea kiangaliwe kwake ni ndani ya kizazi. Ng'ombe aliye kwenye joto huwa na maji kidogo meusi safi kizazini, na hayo ni ya kawaida. Nje ya joto kizazi kitupu huwa kimefunga, hakina maji ya kuonekana. Ukikuta maji ambayo yana vichembe vyeupe vinavyoelea na kuzunguka kifaa kikisukumwa, kama unga uliotiwa kwenye tui, huo ni usaha. Mwingi ukiwa umefungiwa ndani pamoja na tezi ya njano hai, ng'ombe haingii joto tena, anajidhani ana mimba, na mwenyewe naye hudhani hivyo hivyo mpaka mwezi wa tisa. Kwa wako, anayerudi joto, ungekuwa mchache tu: milimita chache za maji machafu, ukuta wa kizazi mnene kuliko kawaida. Uchache huo unatosha kuua kiinitete cha siku saba. Hapo daktari atachagua, ama prostaglandini ikiwa tezi ipo na mimba haipo, ama dawa ya kuwekwa ndani ya kizazi. Muulize muda wa kutokuuza maziwa kwa dawa atakayoitumia, na uuandike ukutani.

Kuna kuvimba kwa kizazi kusiko na maji yoyote, chembe za ugonjwa zimo ukutani tu. Hako kauvimbe mashine haikaoni. Hutakiwa kuchukuliwa utando kwa brashi ndogo ukaangaliwe kwa darubini. Mirija ya mayai nayo, ikiwa mizima, haionekani kwenye kioo, na ikiwa imeziba kwa makovu ya ule mkono wa jirani, mara nyingi vile vile haionekani, labda iwe imejaa maji. Ubora wa mbegu haionyeshi kabisa. Nasema haya mapema kwa sababu kuna watu hulipa, wakaambiwa "kizazi kizuri, ovari nzuri", wakaondoka na hasira kama wameibiwa. Jibu hilo lina kazi. Linahamisha shaka kutoka kwa ng'ombe kwenda kwenye saa ya kupandisha, mtungi wa mbegu, na jicho la mfugaji.

Na mimi nina deni langu kwenye mashine hii. Miaka yangu ya mwanzo kazini, Unguja upande wa kaskazini, nilimpima ng'ombe siku ya 25 tangu apandishwe. Jua la saa saba, kioo kinang'aa, nimeinama na shati nimejifunika kichwani nione picha. Sikuona kitu, nikasema hana. Idi Kubwa ilikuwa imekaribia, mwenyewe akamuuza kwa mchinjaji. Mwezi mmoja baadaye mchinjaji akanipigia simu, akasema njoo uone. Kilikuwa na miguu, kina midomo, urefu wa kidole gumba. Yule mfugaji hakunitukana. Aliuliza tu kama ng'ombe wake mwingine nitampima lini, na swali hilo lilinichoma zaidi.

Tangu hapo "hana" ya kabla ya siku ya 30 siitamki. Siku ya 30 kijusi kina urefu wa kama sentimita moja ndani ya maji meusi, na katikati yake utaona kitu kinapepesa. Huo ni moyo. Nikiuona moyo nasema ana mimba. Nisipouona siku ya 28, nasema turudie wiki ijayo, na gharama ya kurudia naimeza mimi. Hata "ana" ya siku ya 30 inahitaji kurudiwa siku ya 60, kwa sababu mimba nyingine hufa baina ya hapo bila ya dalili, na ng'ombe wako tayari ana ile siku ya 37 kwenye kumbukumbu yake. Kati ya siku ya 55 na ya 75 hivi mwenye jicho zuri anaweza hata kukwambia ni dume au jike, ukitaka kujua. Mimi huwa sisemi mpaka niulizwe.

Nikirudi kwenye saa ya kupandisha. Ng'ombe wetu wengi hufungwa kamba chini ya minazi, mmoja huku mmoja kule, na dalili kubwa ya joto katika vitabu ni kusimama akipandwa na wenzake. Atapandwa na nani? Aliye peke yake kambani inabidi umsome kwa dalili ndogo: ute mwembamba unaoning'inia kama ute wa yai bichi, uke umevimba na wekundu, analia, hali vizuri, amezungusha kamba yake mtini mpaka imekwisha, maziwa ya asubuhi yamepungua bila ya sababu. Joto lenyewe hudumu saa 12 mpaka 18, na kwa chotara mwenye damu ya kienyeji huwa fupi zaidi, tena aghalabu usiku. Yai hutoka saa 24 mpaka 32 tangu joto kuanza, na likishatoka haliishi hata nusu siku vizuri. Kwa hiyo aliyeonekana alfajiri apandishwe jioni, aliyeonekana jioni apandishwe asubuhi ya pili. Ukimwona mchana ukampigia mtaalamu wa uhimilishaji, akaja kesho yake baada ya alasiri kwa sababu alikuwa Mkoani, kusini kabisa mwa kisiwa, mbegu imewekwa na yai limeshakufa. Ukiona damu kidogo mkiani, hiyo ni ya siku moja mpaka tatu baada ya joto. Umechelewa, usimpandishe, hesabu siku 18 mbele uanze kulinda.

Mwangalie mara tatu kwa siku, na ukizifunga na sala hutasahau: baada ya alfajiri, baada ya alasiri, na ya mwisho baada ya isha na tochi, dakika ishirini, bila ya kumlisha wakati huo.

Mbegu nazo zina safari. Zikitoka kituo cha taifa cha uhimilishaji Usa River, Arusha, hukaa ndani ya naitrojini ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Zinavuka bahari, zinapanda barabara mpaka Konde. Mtungi ukipungua njiani mbegu hufa na mrija unabaki vile vile, hakuna macho ya kuuona. Uliza ng'ombe wengine waliopandishwa na mtaalamu huyo huyo miezi hiyo hiyo kama wameshika. Wakiwa wameshika, mtungi na mkono wake ni mzima.

Dume la jirani sitalikataa moja kwa moja. Dume lina faida moja kubwa: halikosei saa. Lakini dume linalozunguka kijiji kizima hubeba magonjwa ya njia ya uzazi ambayo lenyewe haliumwi, na dalili yake kwa majike ni hii hii, kurudi joto kila mara na mimba changa kupotea. Ukimpeleka ng'ombe mwenye kizazi kichafu kwa dume, unaweza kulichafua dume pia, kisha kijiji. Lipimwe kwanza, na brusela ipimwe pia, kwake na kwa ng'ombe wako. Ingawa brusela hutoa mimba kubwa, ya miezi mitano kwenda juu, si hizi za siku 37. Maziwa nyumbani yachemsheni kwa hali yoyote. Unguja zamani ng'ombe kama huyu tungemuulizia nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, lakini mbung'o wa mwisho alinaswa huko 1996, baada ya kuachiwa madume tasa kwa mamilioni. Ndigana kali ya kupe ndiyo iliyobaki kutusumbua, na ng'ombe aliyetoka kwenye homa hashiki vizuri kwa muda.

Umbo lake hukuniandikia. Simama nyuma yake: mifupa ya nyonga ikiwa imechongoka na shimo pande zote za mkia limezama, anakula deni la maziwa. Ovari za ng'ombe wa namna hiyo kwenye kioo ni ndogo, laini, hazina tezi. Wako anaingia joto, kwa hiyo hajafika huko, lakini matete peke yake na maganda ya ndizi hayamtoshi mwenye lita tisa. Pumba, mashudu kidogo, jiwe la chumvi lisikosekane.

Sasa kwa siku zako. Wiki hii msimamo ni kumwacha. Kuanzia siku ya 18 mwangalie hizo nyakati tatu. Asiporudi mpaka siku ya 24, usimwite mtu bado. Mwite daktari wa mashine siku ya 32, umwambie tarehe zote nne na habari ya kondo kabla hajavaa glavu.

Akirudi joto, hapo ndipo pesa yako ya ultrasaundi itafanya kazi kubwa zaidi. Mwite daktari jioni ile ile, apime ute na kizazi, na aandike ukubwa wa kifuko cha yai kwa milimita, ovari ya kulia au ya kushoto. Kizazi kikionekana kichafu, usimpandishe safari hiyo, atibiwe. Kikiwa safi, apandishwe kwa saa yake, kisha daktari arudi saa 24 baadaye kuangalia kifuko kile kile. Kikiwa kimetoweka, yai limetoka kwa wakati. Kikiwa bado kipo, cheusi na cha mviringo vile vile, tumeshapata mchawi: yai linachelewa, mbegu zinakufa zikilisubiri, na mkono mtupu usingeligundua hilo hata ukipima mara kumi. Apandishwe tena siku hiyo, na safari nyingine achomwe homoni ya kulitoa yai wakati wa kupandishwa. Ukiona huwezi kulinda joto kabisa, upo utaratibu wa sindano tatu, siku ya 0, ya 7 na ya 9, kisha kupandishwa siku ya 10 bila ya kusubiri dalili yoyote. Ya katikati ni ile ile prostaglandini, na hairuhusiwi kuanza mpaka kioo kiseme hana mimba.

Uzao wa mwisho ulikuwa miezi minane iliyopita. Kila mzunguko unaopita bure ni siku 21 za majani na lita tatu. Mlinganishie hiyo na bei atakayokutajia daktari, na mwambie mapema kwamba huenda ukamhitaji siku mbili mfululizo, akupe bei ya zote mbili pamoja. Niandikie siku ya 24, akiwa amerudi au hajarudi.